Usiku mmoja Sarchu na zile elfu sita nilizookoa

Mi ni mtoto wa Marangu, naanza na hilo maana ndo lililoniponza. Ukiwa unasoma India ukasema kwenu Kilimanjaro watu wanakuangalia kama vile ulizaliwa kule juu kwenye barafu, na mi sikuwahi kuwasahihisha. Kwa hiyo mwaka 2022 likizo ya kiangazi ilivyofika, grupu letu la WhatsApp likaamua twende Ladakh, kule milimani kaskazini mwa India, kwa barabara, toka Manali mpaka Leh, na wote wakasema mpango apange yule dada wa Kilimanjaro. Mlima wenyewe sijawahi kuupanda. Nilifika getini tu, tena na shule, tukala maandazi tukarudi.

Nikafungua Excel, aisee nilijiona waziri wa fedha. Watu 18, magari matatu: tempo ya viti 12 tuliyokodi Chandigarh pamoja na dereva (tempo ni kama Hiace iliyovutwa, ina mapazia na miungu kwenye dashibodi), gari ya Mkenya mmoja anayefanya kazi Delhi, na gari ya mwanafunzi mwenzetu Mpanjabi. Ile barabara huwa inafungwa na theluji, inafunguka theluji ikiondolewa na baridi ikikaribia unaanza kusikia habari za kufungwa tena, kwa hiyo wote wenye likizo wanabanana hapohapo na bei zinajua hilo. Nikahesabu madumu ya petroli, maana pale Tandi kituo cha mafuta kilikuwa na bango kabisa linalokwambia kituo kinachofuata kiko kilomita 365 mbele. Nikahesabu laini za simu, laini ya kuweka vocha ya mkoa mwingine ukiingia Ladakh ilikuwa inakufa, inashika ya kulipia mwisho wa mwezi tu, na kati yetu sisi wanafunzi aliyekuwa nayo ni mmoja. Nikahesabu mpaka biskuti.

Kitu kimoja kikawa kinanikera kwenye hesabu, usiku wa Jispa. Kila aliyewahi kupita njia ile alituambia mkitoka Manali laleni Jispa au Keylong, siku ya pili ndo muende Sarchu au mbele. Jispa vyumba 6 kwa 1,000, jumla rupia 6,000. Nikaangalia ramani, tangu wafungue ile tunnel ya Atal mwaka 2020, kilomita 9 ndani ya mlima, huhitaji tena kuzunguka kwa juu, kwenye kipito cha Rohtang, unaokoa masaa kadhaa, sasa Jispa tunalala tukifanya nini? Nikaifuta ile row. Watu wakapiga makofi kwenye grupu, kuna aliyeweka na sticker ya Magufuli.

Wa kukataa alikuwa mmoja tu, dereva wa tempo, mzee wa miaka 50 na kitu, tulikuwa tunamwita bhaiya, yani kaka. Asubuhi Manali ananiambia didi (dada), leo Jispa. Nikamwambia Sarchu. Akasema tena Jispa. Mi nikajua moja kwa moja huyu ana kamisheni yake na mwenye hoteli, si ndo madereva walivyo, ukipanda basi la Arusha linasimama kula pale anapokula konda bure. Nikamwambia bhaiya, mimi natoka kwenye mlima mrefu kuliko yote Afrika. Akatikisa kichwa kile cha Kihindi ambacho mpaka leo sijui ni ndiyo au hapana, akawasha gari.

Njiani sitasema mengi. Tulichelewa kutoka kwa sababu ya mtu mmoja na shali, Darcha polisi wakaandika paspoti zetu moja moja na daftari lenyewe limelowa, na mchana maji ya theluji yalikuwa yameshaongezeka yanakatiza barabara, gari ya Mkenya ikazima katikati tukashuka kusukuma kwenye maji ambayo sina mfano wake. Baralacha La (La ni kipito cha kuvukia mlima), karibu mita 4,900, tukashuka kupiga picha, na hapo ndo nilisikia kichwa kinaanza kugonga nikajisemea ni njaa.

Sarchu ni uwanda tu, upepo na mahema. Hema rupia 1,500, godoro jembamba kama chapati, choo nje, ndoo ya maji ya moto unalipia. Nikala tambi za Maggi nusu nikairudisha yote nyuma ya hema. Halafu usiku ukaanza. Sijui nielezeje, yani unalala, pumzi inakata, unashtuka kama mtu kakusukuma, unavuta hewa haitoshi, unalala tena, inakata tena. Kichwa ni kama mtu anatwanga kisamvu humo ndani. Dada wa Mbeya aliyelala pembeni yangu anasema nilikuwa naongea Kichagga, namwomba bibi azime taa. Hakukuwa na taa.

Saa nane usiku wakamwamsha bhaiya. Na hapo ndo nikaja kuelewa kwa nini watu wanaiogopa Sarchu. Ugonjwa wa mwinuko, ule unaokupata ukipanda juu haraka mwili haujazoea hewa nyepesi, dawa yake kubwa ni kushuka, sasa pale unashuka kwenda wapi? Nyuma kuna Baralacha La, mbele kuna Lachung La ambayo imepita 5,000, kote inabidi upande kwanza. Umeingia kwenye chungu. Bhaiya hakusema neno, akanibeba na blanketi, akaniweka siti ya mbele akanipeleka kwenye kambi ya jeshi, kijana mmoja mwenye bunduki akazungumza naye, akatoka mwingine na mtungi wa oksijeni. Nikavalishwa kile kikombe usoni. Baada ya kama nusu saa nikaanza kuona aibu, nikajua napona.

Na nilivyokaa pale na kikombe changu nikawa namfikiria mjomba tu. Mjomba wangu kapandisha wageni zaidi ya miaka 20, alianza kama mgumu wa kubeba mizigo mpaka akawa guide. Nimekua nasikia hizo namba mezani kama wengine wanavyosikia vituo vya daladala: kambi ya Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, hapo mgeni mlaze siku mbili kama anaweza, ndo umpeleke Kibo 4,720. Pole pole, hata akiwa na misuli, hasa akiwa na misuli. Sisi tumetoka Manali mita 2,050, jioni hiyohiyo tuko 4,290, juu ya Horombo, tena nimekaa kwenye kiti nakula korosho. Namba zote nilikuwa nazijua. Hazikuniingia kwamba zinanihusu, mi nilikuwa nadhani zile ni za Wazungu.

Kulipokucha tukarudi nyuma, tukaivuka tena Baralacha La na mtungi, mpaka Jispa. Magari yote matatu, hakuna aliyekubali kuendelea, na ukweli wengine watano nao walikuwa wanatapika kimya kimya. Tukalala Jispa usiku mbili. Vyumba sasa 1,800, mwenye hoteli kaona hali zetu. Nikamwangalia bhaiya kama atapewa chochote. Alilala kwenye tempo.

Mara ya pili tukaenda kama watu. Kwenye Gata Loops, zile kona 21, kuna sehemu wamerundika chupa za maji za plastiki, mamia. Wanasema kuna utingo wa lori aliachwa pale na gari bovu, dereva akaenda kutafuta msaada, theluji ikafunga njia, utingo akafa kwa kiu na ugonjwa huuhuu, sasa wapitaji wanamwachia maji. Wenzangu walipiga picha. Mi nikaacha chupa yangu nzima, haijafunguliwa, na biskuti.

Leh ni pazuri, nilikaa siku tano na karibu zote nimesahau, isipokuwa kwamba tempo yetu haikuruhusiwa kutupeleka ziwa la Pangong kwa sababu ni ya nje, lazima ukodi taxi za hapo, na bei yake ilimaliza bajeti iliyobaki na heshima yangu.

WiFi ya hoteli ikashika nikampigia mjomba. Nikamsimulia yote. Akauliza, "Mjomba, ile Jispa ulikuwa unaokoa shilingi ngapi?" Nikamwambia kama laki moja na themanini. Akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo umemlipa Mhindi akufundishe pole pole."

Halafu akauliza kama huko Sarchu kuna migomba. Nikamwambia hakuna hata mti.