Miaka Miwili ya Radiolojia ambayo si Miwili

Ndugu zangu wa Afrika Mashariki walioko hapa Marekani huniuliza mara kwa mara iwapo ni kweli kwamba chuo cha jamii (community college) kinamtoa mtu akiwa mpiga picha za eksirei kwa miaka miwili. Ni kweli, ila miaka hiyo huanza kuhesabiwa baada ya kukubaliwa kwenye programu. Kabla ya hapo kuna masomo ya awali, yaani anatomia na fiziolojia, aljebra, istilahi za kitabibu na uandishi wa Kiingereza, na alama zake ndizo zinazoshindanishwa, kwa kuwa programu haiwezi kuchukua wanafunzi wengi kuliko wale ambao hospitali za jirani ziko tayari kuwapokea kwa mafunzo ya vitendo. Anayefanya kazi kutwa na kusoma jioni asitarajie kuyamaliza haraka.

Kuhusu cheti, anayesoma chuo cha jamii hapungukiwi na kitu. Tangu 2015, ARRT, bodi inayosajili wapiga picha za eksirei, humtaka mtahiniwa awe na angalau shahada ya miaka miwili, na mtihani wa aliyetoka chuo cha jamii ni uleule wa aliyetoka chuo kikuu cha gharama kubwa: maswali 200 yanayohesabiwa, na alama ya kufaulu 75 kwa kipimo chao, ambacho si asilimia.

Darasani, fizikia ya mionzi ndiyo inayowatoa wengi jasho. Hata hivyo, kwa maoni yangu ugumu wenyewe uko kwenye kumweka mgonjwa sawasawa. Kwa picha ya kawaida ya kifua, mgonjwa husimama akikielekea kipokezi, yaani bamba linalopokea picha, mashine ikiwa nyuma yake, umbali wa takriban sentimita 180 kutoka kwenye kipokezi, mabega akiyasukuma mbele ili mafupa ya bega yasifunike mapafu, kisha huvuta pumzi hadi mwisho na kuishikilia. Picha ikitokea tunahesabu mbavu za nyuma. Zikionekana 10 juu ya kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, alivuta vizuri. Pembeni huonekana alama ya madini ya risasi ya R (kulia) au L (kushoto) yenye herufi za jina la mpigaji, kwa hiyo hata mwanafunzi hawezi kuikana picha yake. Ikibidi kurudiwa, mtaalamu aliyesajiliwa lazima awepo chumbani, kwa sababu kila marudio ni mionzi zaidi kwa mgonjwa.

Siku moja aliletwa mzee kutoka Kongo ambaye Kiingereza hakikumfikia kabisa. Hospitali ina utaratibu wake wa wakalimani, na mwanafunzi hana ruhusa ya kujifanya mkalimani wa mambo ya tiba, ila msimamizi aliniachia maneno ya pumzi tu: “Baba, vuta pumzi, shikilia hapo hapo, usipumue.” Picha ilitoka safi kwa mara ya kwanza.

Kabla ya kulipa ada, hakikisha kwamba programu imeidhinishwa na JRCERT, chombo kinachokagua programu za fani hii, kwani programu zilizoidhinishwa hulazimika kutangaza viwango vya wanaofaulu mtihani, wanaopata kazi na wanaomaliza. Mimi hushauri kiwango cha wanaomaliza kitazamwe kwanza: mafunzo ya hospitalini kwa kawaida hufanyika mchana na hayana malipo, na wenzangu niliowaona wakiacha hawakushindwa na fizikia, walishindwa na kodi ya nyumba.