Zambarau Iliyonidanganya

Saa 48 za jaribio langu la kwanza zilitimia alfajiri, nami nilikuwa nimeshafika maabara. Nilikuwa nimesaga mizizi ya mti wa dawa, nikailoweka kwenye methanoli, nikakausha dondoo na kuitia kwa vipimo tofauti kwenye sahani ya vishimo 96 yenye seli za HeLa, nione kama itaziua. Hizo ni seli za saratani ya mlango wa kizazi zilizotoka kwa Henrietta Lacks mwaka 1951, na mpaka leo zinazaana.

Nikatia MTT. Ni kemikali ya manjano. Seli iliyo hai huigeuza kuwa fuwele za zambarau, iliyokufa huiacha ilivyo. Nikakaa kungoja manjano.

Baada ya saa nne sahani nzima ilikuwa zambarau, tena penye dondoo nyingi ndipo palipokolea zaidi. Mkono ulikuwa mzito nilipoandika daftarini: "Haiui."

Mwalimu wangu alipoingia aliitazama sahani kwa muda. "Umeziangalia kwa hadubini, mwanangu?"

"Bado, Mwalimu."

Nikainama. Kwenye vishimo visivyo na dawa, seli zilikuwa zimejinyoosha, zimeshikamana chini, hakuna nafasi kati yao. Penye dondoo zilikuwa zimejikunja duara, zinaelea ovyo. Zimekufa. Zambarau ile imetoka wapi, basi?

Akaniambia nichanganye dondoo na MTT kwenye vishimo vitupu, bila seli hata moja. Safu hiyo ilipaswa kuwepo tangu mwanzo, sikuiweka. Haikuchukua muda, rangi ikageuka. Polifenoli, kemikali za asili zilizomo kwenye mizizi, zenyewe zilikuwa zikifanya kazi ya seli hai: kuigeuza MTT kuwa zambarau. Mpaka leo huniuma nikifikiria ni mimea mingapi imetupwa kwa kosa kama langu.

Niliandaa sahani nyingine. Safari hii, kabla ya MTT, nilimwaga dondoo na kusuuza seli mara mbili kwa maji ya chumvi. Manjano ikabaki manjano, nami machozi yakanilengalenga.

Mwalimu alitabasamu, lakini hakunipongeza. "Hata jiki huua saratani ndani ya sahani," alisema. "Sasa tuone itazifanyaje seli zisizo na saratani."

Daftari la maabara halifutwi. Nilipiga mstari mmoja juu ya "Haiui", nikaandika sababu pembeni, kisha nikaenda kutoa seli za ngozi kwenye naitrojeni ya kimiminika, zinamohifadhiwa zikiwa zimegandishwa.