Daftari la nyimbo la dada

Jumamosi nilikuwa napanga vitu vya mvunguni, lile sanduku la bati mnalolijua, binti yangu akaibuka na kaunta buku lililochakaa jalada akaanza kulisoma kwa sauti. Akanyamaza kidogo, akachukua simu, akawa analinganisha, halafu akaniuliza, "Mama, mbona haya maneno siyo? Mmeandika vitu ambavyo kwenye wimbo havipo." Ulikuwa ukurasa wa My Love wa Westlife, mwandiko wa dada, na katikati kuna mstari mzima umeandikwa kama Kiswahili kabisa, maana hatukuelewa wale vijana wanasema nini tukaandika kilichosikika.

Nikamwambia ndo tulivyosikia. Ila nilikaa chini pale pale na daftari mkononi, mchele jikoni ukaungua.

Ilikuwa Tanga, likizo ya mwezi wa 6, 2001. Dada karudi kutoka bweni na kanda aliyorekodiwa na rafiki yake, Westlife upande A wote na upande B nusu. Ukurasa wa kwanza wa daftari alikuwa ameziorodhesha zile nyimbo zao 7 za mwanzo, kuanzia Swear It Again ya 1999 mpaka My Love, zote 7 zilifika namba 1 Uingereza mfululizo, na yeye alikuwa anazitaja kwa mpangilio bila kuangalia, kwa heshima kabisa. Vijana watano kutoka Ireland. Mimi nilikuwa nasikia sauti moja tu, yeye anakwambia huyu Shane, huyu Mark, sasa hivi kaingia Brian, na kweli nikaanza kuwasikia. Kwetu TV hatukuwa nayo, kwa hiyo hata video ya My Love nilihadithiwa na yeye, jinsi wanavyohangaika kurudi kwao, uwanja wa ndege, kituo cha treni, mpaka mwisho wanasimama juu ya majabali bahari iko chini. Nilipokuja kuiona kwa macho yangu miaka mingi baadae ilikuwa vile vile alivyonisimulia, hakuongeza kitu.

Sasa kazi ya kuandika maneno ilikuwa hivi, unasikiliza mstari mmoja, unabonyeza stopu, unarudisha nyuma, unasikiliza tena, mimi kwenye redio yeye kwenye daftari, na umeme ulikuwa unakatika kila siku kwa hiyo tunatumia betri ambazo mchana nilizianika juani juu ya bati ili zipate nguvu kidogo.

Usiku huo tumekaa barazani kwenye mkeka, chemli katikati, tumebakiza kipande cha mwisho tu, pale wimbo unapotulia halafu unapanda, ule mpando ambao ukiwajua Westlife unaujua. Betri zikaanza kuisha. Sauti ikawa inavuta, ikawa nzito, Shane akawa anaimba kama mzee aliyelala nusu, halafu ikazama kabisa, ikabaki ile kelele ya kanda inayozunguka polepole. Nikabonyeza stopu haraka isije ikamezwa. Kimya. Mimi machozi yalinilenga, mjue nilikuwa na miaka 11 na nimeusubiri ule mpando siku nzima. Dada hakusema kitu, akaweka kalamu chini, akaanza kuimba pale pale redio ilipoachia, taratibu, macho kafumba, na alipofika pa kupanda akapanda kweli, sauti yake ikapasuka kidogo lakini hakurudi chini.

Ndipo nikaona kanzu ya baba mlangoni. Katoka msikitini, kapitia uani, kasimama sijui tangu saa ngapi. Baba hakutaka kabisa nyimbo za kizungu usiku, dada akamwona akanyamaza, mikono yake ikawa inafunga daftari. Baba akavua kofia, akaegemea fremu ya mlango, akasema, "Malizia basi, mwanangu."

Akamalizia. Akiwa anatetemeka, lakini akamalizia wote.

Halafu mambo yakaenda. Dada kamaliza shule, kaolewa, kahamia Muscat, Brian akatoka kwenye bendi 2004 dada akanipigia simu ya gharama kunieleza hilo tu, baba akatutoka, mnajua.

Kwa hiyo Jumamosi usiku nikaupiga picha ukurasa ule nikamtumia. Akanijibu kwa voisi ndefu, anacheka halafu analia. Anakumbuka chemli, anakumbuka betri, anakumbuka baba kuvua kofia, neno baba alilosema analikumbuka hivyo hivyo. "Ila mdogo wangu," anasema, "ule wimbo haukuwa My Love. Ilikuwa Fool Again. My Love tuliandika mchana, wewe umesahau."

Nimesikiliza hiyo voisi mara nne. Mimi ule mpando nausikia mpaka leo na ninaujua ni wa wimbo gani. Nikafungua daftari nitafute Fool Again, ya 5 kwenye orodha yake. Kuna kipande chembamba cha karatasi kimebaki kwenye mshono, ukurasa wenyewe ulishachanwa. Binti yangu kaniuliza nani alichana. Nimempigia tena dada, simu haijapokelewa bado, huko kwao saa hizi yuko kazini.