Karti grafiki ya mashini ya zamani, na lile tundu la VGA

Ile kadi ya grafiki ilikuwa na tundu la VGA, lile la zamani la kufunga ekrani, na njo juu ya lile tundu nilikuwa karibu kuilipia. Ekrani yangu ni ya VGA tu, inchi 19, na nilikuwa nimezunguka maduka ya mjini siku mbili nzima, kila kadi wanayonionyesha iko na matundu ya kisasa, HDMI na DisplayPort basi, nami nawaza falanga ya ekrani ingine nitatoa wapi. Sasa huyu muuzaji anatoa kadi kwenye boksi, imeandikwa GTX 1050 Ti 4 GB, anaigeuza, ananionyesha tundu la bluu. "Yaya, hii utafunga tu, hautanunua kintu ingine." Dola 70. Nilikuwa nazo mkononi.

Ngoja nianzie nyuma kidogo.

Kazi yangu ni montaji ya video za ndoa hapa Lubumbashi, zaidi ndoa za Katuba na Kamalondo, pamoja na sherehe za mahari na mara moja moja video ya kwaya. Mashini yangu ni Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara, si ile nyembamba, prosesa i5-4590, RAM 16 GB ya DDR3, niliinunua okazyo, zile mashini zilizofanya kazi ofisini huko Ulaya kisha zinaingia huku. Ni mashini nzuri, na naipenda kweli, imenilipia kodi ya nyumba miaka. Wakati tulikuwa na kamera moja inayorekodi H.264, ile namna ya kawaida ya kubana video, hakukuwa na shida yoyote, juu ndani ya ile i5 kuna grafiki ndogo ya Intel, HD 4600, na yenyewe inajua kusoma na kuandika H.264 bila kuchosha prosesa.

Shida ilikuja na simu. Siku hizi familia haikubali video ya kamera peke yake, shangazi wa bibi arusi alirekodi, mdogo wa bwana arusi alirekodi, wanakutumia zote na kila mmoja anataka ya kwake iingie. Na simu nyingi zinarekodi HEVC, iPhone zilianza na iOS 11 mwaka 2017, za wengine zikafuata. HEVC inabana video vizuri sana, faili inakuwa ndogo, lakini kuifungua ni kazi nzito, na prosesa ya kizazi cha 4 cha Intel haina sehemu kamili ya kuifanya hiyo kazi pembeni. Basi kori zote nne za prosesa zinapanda 100%, picha inakwama, inaruka, sauti iko mbali mbele, unasikia vigelegele vya watu lakini bibi arusi bado amesimama nje ya mlango wa kanisa. Ukifanya montaji hivyo unakata kwa kubahatisha, na video ya ndoa ya mtu si kitu cha kubahatisha, hairudiwi ile.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta kadi ya kufungua na kuandika HEVC. Sikuwa natafuta michezo. Nasema hivi juu ukiuliza watu "kadi gani nzuri" wote watakujibu kwa michezo, na jibu linabadilika kabisa.

Rafiki mmoja anayecheza sana aliniambia chukua RX 580 ya 8 GB, zimejaa sokoni, zilitumika kuchimba sarafu za mtandaoni na sasa zinauzwa bei ya chini. Ni kweli ina nguvu. Lakini nilifungua mashini kwanza, nikasoma karatasi iliyobandikwa kwenye alimantasyo, lile boksi linalolisha mashini umeme: 290 W. Na hakuna waya hata mmoja wa pini 6 wala wa pini 8 wa kulisha kadi. Sloti yenyewe ya PCI Express, pale kadi inapochomekwa kwenye karti mere (ubao mkuu wa mashini), inatoa mwisho 75 W, pini 6 inaongeza 75, pini 8 inaongeza 150, na RX 580 inakula kama 185. Basi hapo haiingii. Kuna watu wanauza tuwaya twa kugeuza plagi ya SATA iwe pini 8, tafadhali msinunue, plagi ya SATA kwa kipimo chake inabeba 54 W kwenye ile laini ya 12 V, ukiiomba 150 inayeyuka, na mashini inawaka usiku umelala. Na usiseme "nitabadilisha alimantasyo" haraka haraka, OptiPlex 9020 haitumii ile plagi kubwa ya kawaida ya pini 24 kwenye karti mere, inatumia ya pini 8 ya Dell yenyewe, kwa hiyo alimantasyo ya sokoni haishiki bila waya wa kugeuza. Kwa mashini za ofisi za okazyo hili njo jambo la kwanza kuangalia, kabla ya jina la kadi na kabla ya bei.

Basi nikabaki na kadi za 75 W kushuka, zinazokula kutoka kwenye sloti peke yake. Na hilo kwetu lina faida ingine, delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ikikupata uko kwenye ondilere ndogo ya betri kama yangu, au jirani amekukopesha waya wa grupu yake, ile jenereta, kila wati unaisikia.

GT 1030 ndiyo utaiona kila duka, inakula 30 W tu, watu wanaisifu. Kwa kazi yangu haifai. Inafungua HEVC sawa, lakini haina kabisa ile sehemu ya NVENC ya kuandika video, kwa hiyo kueksporte, kutoa video iliyomalizika, yote inarudi kwa prosesa. Tena iko ya aina mbili na jina moja, ya 2017 ya GDDR5 na ya 2018 ya DDR4, na hii ya pili memori yake inasafirisha data karibu theluthi moja tu ya ile ya kwanza, boksi inafanana. Hilo linanikasirisha mpaka leo, mtu ametafuta falanga yake miezi, anaenda kununua jina na anapewa kitu kingine.

RX 6400 ya AMD, ya 2022, 53 W, nilivutiwa nayo sana kwenye karatasi. Nayo haina sehemu ya kuandika video. Na inatumia njia 4 tu za PCI Express, ilitengenezwa kwa mashini za PCIe 4.0, kwenye za kwetu za 3.0 zile njia 4 zinabeba nusu. Intel Arc A380 inaandika vizuri hata AV1, namna mpya zaidi ya kubana video, lakini inataka Resizable BAR, ile njia ya prosesa kufikia memori yote ya kadi kwa mara moja, na mashini ya wakati wa 9020 haina, bila hiyo inapungua nguvu sana. RTX 3050 ya 6 GB, ile ya 2024, inakula 70 W na ingeingia vizuri, ila bei yake ilizidi bei ya mashini nzima na sikuona haki.

Zikabaki GTX 1050 Ti ya 2016 na GTX 1650 ya 2019. Zote 4 GB, zote 75 W, zote zinafungua na kuandika HEVC. 1050 Ti ilikuwa bei ya chini, njo nikaenda kuitafuta, na njo nikakutana na lile tundu la bluu.

Kabla ya kulipa nilimpigia ndugu yangu anayetengeneza mashini mu commune ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, kumwambia tu nimepata, nifurahie na mtu. Akauliza iko na matundu gani. Nikamwambia HDMI, DVI, na VGA. Akanyamaza kidogo, akasema: "VGA? Iache hapo. Usitoe falanga."

Akanielezea. Chipu ya 1050 Ti, ile familia ya Pascal yote, haitoi tena ishara ya analogi, NVIDIA waliiondoa tangu GTX 1080 ya 2016. VGA ni analogi. Kwa hiyo kadi ya 1050 Ti yenye tundu la VGA ni ya kuitilia mashaka makubwa. Hata DVI yake ni DVI-D, ukiangalia lile tundu, pale kwenye ule mstari mrefu hakuna vitundu vinne vinavyouzunguka, ndiyo maana kale kaplagi ka bei rahisi ka kugeuza DVI kuwa VGA hakaingii. Kuna watu wanachukua GTS 450 ya 2010, wanaandika upya BIOS yake, ile programu ndogo iliyo ndani ya kadi, ijiite 1050 Ti, ukifunga kwenye Windows inakuonyesha 1050 Ti 4 GB vizuri kabisa, halafu ukianza kazi hakuna kitu, juu ile ya zamani haina NVENC wala haijui HEVC, na draiva zake, zile programu za kuifanya Windows itumie kadi, ziliachwa tangu 2018.

Nikamwomba muuzaji kwa heshima, tata, tuifunge kwenye mashini yako ya hapa, tufungue GPU-Z. Hiyo ni programu ya bure, na tangu 2018 inaweza kutambua hizi kadi, inaandika FAKE mbele ya jina. Hakupenda mwanzoni, kisha akakubali. Ikaandika FAKE. Muuzaji mwenyewe alikaa anaiangalia, akachukua ingine kwenye rafu, akaifunga, nayo hivyohivyo. Alikuwa amenunua nyingi kwa jumla. Nilimwona uso wake, na sidhani alikuwa anajua, naye amepoteza falanga za familia yake.

Nilikaa wiki mbili nikiwaza, na hapo nikajifunza jambo la draiva lililobadilisha uamuzi. NVIDIA walitangaza mwaka 2025 kwamba familia ya Pascal, kwa maana 1050 Ti ya kweli nayo iko ndani, draiva za kawaida zinaishia 10/2025, kisha ni za usalama tu mpaka 10/2028. 1650 ni ya Turing, familia ya baadaye, bado inaendelea kupata. Ukitoa dola zako leo kwa kitu cha miaka kadhaa, tofauti ya dola 20 au 25 inafaa. Nikachukua 1650, kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vyake ahame, si dukani, nikaijaribu nyumbani kwake dakika 40 na GPU-Z iko wazi, naangalia joto na nasikiliza vantilatere. Chunga kitu kimoja: 1650 nyingi zilitengenezwa na tundu la pini 6 juu yake. Tafuta ile isiyo nayo, angalia ukingo wa kadi kwa macho yako, usiamini picha.

Wale wenye mashini nyembamba, za SFF, msikate tamaa. Kadi ya kawaida haiingii, inataka kadi fupi, lakini tafuteni Quadro P1000 (47 W) au T600 (40 W), zote 4 GB, zinatoka kwenye mashini za ofisi na watu wengi hawazijui kwa hiyo hawazigombanii. P1000 ni Pascal, draiva yake ni ile hadithi niliyosema, T600 ni Turing. Zinatumia mini DisplayPort, hesabu na bei ya waya. Na kama bado uko na RAM 4 GB na diski ya kuzunguka, falanga ianzie huko, weka SSD na RAM, kadi ingoje.

Kwa ekrani yangu nilinunua kigeuzi cha DisplayPort kwenda VGA, kile chenye chipu ndani, dola 8. Siku mbili za kuzunguka mjini, na jibu lilikuwa dola 8.

Kabla ya kufunga nilipuliza vumbi, na sisi tunajua vumbi ya huku mwezi wa saba, nyekundu, inaingia mpaka kwenye meno ya ridieta. Nikaweka regilatere mpya pia, ile ya kusawazisha umeme, juu umeme ukirudi baada ya kukatika unarudi na hasira. Draiva ikaingia bila shida.

Kisha nikafungua ile video ya shangazi, ile ya simu iliyonishinda. Kori zilikaa chini ya 30%. Nikairudisha pale mlangoni mwa kanisa, nikaiacha icheze bila kugusa kitu. Mlango unafunguka, bibi arusi anaingia, na vigelegele vinaanza wakati uleule anakanyaga ndani.