Tini la Udongo

Habari ya basi niiache. Lilitoka Bukoba, likavuka Mutukula, likapita Masaka na alama ya Ikweta pale Kayabwe, nami nililala karibu njia nzima. Safari yenyewe ilianza kesho yake, ndani ya taksi ya Entebbe (Waganda ndivyo wanavyoita daladala), niliposhuka Kajjansi, penye udongo wa matofali na vigae.

Mfinyanzi niliyemfuata ni mzaliwa wa Bombo, Kiswahili chake kina Kinubi ndani. Mikono ilikuwa imejaa tope, akanipa kiwiko nishike badala ya kiganja.

“Karibu, kaka. Udongo baadaye, kwanza miti.”

Akafunga karakana, tukapanda taksi nyingine hadi Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898 kando ya Ziwa Victoria. Wengi huenda pale kupiga picha za mbega. Yeye huenda na wembe. Hachumi kitu, huokota kilichoanguka. Chini ya mtini mmoja, wa jamii moja na mutuba unaotoa lubugo, kitambaa cha gome la mti, aliokota tini dogo akalipasua.

Ndani mlikuwa na maua. Mamia, madogo kuliko punje za ufuta, yote yameelekea katikati. Kumbe mtini hauonekani ukichanua kwa sababu huchanua ndani ya tini lenyewe. Nyigu jike, mdogo kuliko sisimizi, hujipenyeza kwenye tundu la kileleni, jembamba kiasi kwamba mara nyingi mbawa humng’oka. Huchavusha, hutaga, hufia humo. Shuleni tulichora haibiskasi mpaka vidole vikauma. Habari hii hatukuambiwa.

Tuliporudi karakanani ndipo nikaelewa vyungu vyake. Ni vya mviringo, mdomo haupitishi hata kidole. Kabla ya kuunganisha nusu mbili, huchonga maua upande wa ndani, moja moja, kwa mwiba. Juu hupaka majivu ya kuni yaliyochanganywa na udongo. Chokaa na potashi iliyomo husaidia mchanga kuyeyuka ukawa kama kioo, moto ukipita digrii 1200.

“Sasa hayo maua nani atayaona, dada?”

“Nyigu.”

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nami nilifinyanga changu, kitako kikabaki kinene. Wiki mbili baadaye alinitumia picha: unyevu uligeuka mvuke tanurini, chungu kikawa vigae.

Nilichonunua nilikifunga kwa gazeti. Mutukula, ofisa akakifungua.

“Matunda hayavuki bila kibali, mzee.”

“Gonga, afande.”

Akagonga kwa kalamu, kikalia. Akakitikisa sikioni. Kisha akafumba jicho moja, akachungulia tunduni, foleni nzima ikimsubiri.