Joho limerudi limekatwa: maendeleo ya sanduku langu la mavazi

Joho limerudi limekatwa. Nililiazimisha kikundi kimoja mwezi wa tatu kwa mchezo wao wa enzi za masultani. Mwigizaji wao alikuwa mfupi, basi mtu akachukua mkasi akaondoa sentimita 12 za upindo na kipande akakitupa. Angelipinda kwa ndani akapiga bandi, leo ningefumua kwa wembe dakika kumi tu. Mwigizaji wetu wa mchezo ujao ni mrefu, joho linamfika katikati ya ugoko. Jioni nzima nimekaa nalo mapajani nikiitazama zari ya shingoni niliyoishona kwa mkono siku nne.

Kwa aliyeanza kusoma leo: ninakusanya mavazi ya zamani ya pwani kwa ajili ya kikundi chetu cha maigizo. Kanzu, vilemba, kaniki, shuka za merikani, na joho hili. Nataka yavaliwe mchezo baada ya mchezo, maana fedha ya kushona upya kila mara hatuna.

Hata wenye fedha hawashoni upya kila mara. London kuna Angels, familia inayokodisha mavazi ya maigizo tangu 1840, na BBC ilipofunga idara yake ya mavazi mwaka 2008 mkusanyiko wake ulikwenda kwao. Kwenye ghala lao ndiko lilikoonekana, mwaka 2005, joho la kahawia alilovaa Alec Guinness akiwa Obi-Wan Kenobi katika filamu ya Star Wars ya 1977. Miaka yote hiyo lilikuwa likining'inia na mengine, likikodishwa kama joho la mtawa. Mwaka 2007 likauzwa mnadani kwa pauni 54,000. Na lile vazi la juu alilovaa Richard Burton akiwa Mfalme Henry VIII katika filamu ya Anne of the Thousand Days ya 1969, Sid James alilivaa akiigiza mfalme huyo huyo katika Carry On Henry, vichekesho vya 1971. Vazi moja, mfalme mmoja, mara ya kwanza watu wanalia na ya pili wanacheka.

Nimegundua kwamba mifano inayonijia haraka ni majoho, na sababu naiona hapa mapajani: joho halina kiuno. Mnene atalivaa, mwembamba atalivaa, kinachosumbua ni urefu peke yake. Kwa hiyo la kwangu linaponyeka. Nimeunga chini utepe wa sufu nyeusi wa sentimita 15, na juu ya mshono nikapitisha zari nyembamba. Ukilitazama ukiwa viti vya mbele utadhani lilizaliwa hivyo.

Kazi ngumu ni gauni. Mchezo wetu ujao una mke wa mmisionari, mwaka 1895, na gauni la miaka ile lina kiuno kilichobanwa na mikono iliyovimba mabegani. Hilo ukilikata kwa kipimo cha mtu mmoja, umelishona kwa mchezo mmoja. Nyumba za kukodisha huacha kitambaa kingi ndani ya mishono ili nguo iachiwe na kubanwa upya kwa kila mwigizaji. Nami nimeacha sentimita 4 kila upande wa mishono miwili ya ubavuni. Zimelala 16 humo ndani. Nikibakiza moja moja ya kushikilia mshono, nina 12 za kuachia. Mgongoni nimeweka safu mbili za kulabu, ya pili sentimita 3 kutoka ya kwanza, kwa siku ambazo hakuna muda wa kufumua.

Bitana ndiyo iliyonisumbua wiki nzima. Mara ya kwanza niliishona peke yake kama ya koti, nikaiingiza mwishoni. Ikapendeza, lakini kuachia ubavu kungenilazimu kufungua gauni lote. Nikafumua. Mafundi wa karne ile walikuwa na njia bora: kila kipande kililazwa juu ya bitana yake, vikashonwa pamoja kama kitambaa kimoja. Sasa nikiachia mshono, vyote viwili vinafuata. Ndani haipendezi sana, ila ndani ni kwa ajili ya fundi.

Makwapani nimebandika vitambaa vya pamba kwa mshono wa mkono, vinatolewa na kufuliwa, maana jasho ndilo linaloua nguo ya jukwaani kabla ya kitu kingine. Wenzetu wa nje hunyunyiza vodka iliyochanganywa na maji kuondoa harufu. Kwetu jua linatosha, ila gauni ligeuzwe ndani nje lisipauke.

Kwa mchezo utakaofuata nitabadilisha kola na mapambo ya kifuani tu. Macho ya watazamaji hukaa hapo, karibu na uso, na sketi hawataikumbuka.

Kilichobaki ni lebo. Katika mavazi ya zamani ya Hollywood, lebo ya ndani huwa na jina la mwigizaji aliyeshonewa. Yangu ni utepe wa pamba, majina yanaandikwa kwa wino usiotoka, na nimeuacha mrefu upate nafasi ya majina mengi. Kwenye joho tayari kuna mawili. Juu yao, kwa herufi kubwa za uzi mwekundu, nimetarizi: USIKATE. PINDA.