Senta ya Nani?

Mwaka 1996 tulikuwa tunakaa Temeke, karibu na Uwanja wa Taifa, huu ambao leo unaitwa Uwanja wa Uhuru. Simba na Yanga zikikutana, tulikuwa tunajua goli limeingia kabla mtangazaji wa redio hajamaliza kulitangaza. Nilikuwa darasa la sita, na mpira wangu ulikuwa netiboli. Nilicheza GA, herufi za nafasi yangu uwanjani ambazo huvaliwa kifuani. Katika watu saba wa timu, wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, GS na GA, na mmoja wa hao wawili nilikuwa mimi. GS alikuwa shoga yangu wa nyumba ya jirani. Tulirusha pamoja kila jioni, kwenye pete ya nondo iliyochomelewa juu ya bomba, mpaka adhana ya magharibi.

Mwaka huo mwalimu wetu wa michezo alikuja na utaratibu mpya. Kabla ya kuchagua timu ya mashindano ya shule za msingi, Sita A na Sita B wangecheza kila Jumatano, na kila Jumatano baadhi yetu tusingecheza. Wawili wangechezesha, mmoja angetunza muda, wawili wangekaa mezani kuandika, na mmoja angetunza vifaa: kuhesabu mipira na zile herufi za kifuani, kisha kuchora uwanja kwa majivu ya mama ntilie wa getini, maana chokaa hatukuwa nayo. Vikaratasi vikachanganywa kwenye kofia. Nilipokifungua changu nikakuta neno moja, "mwandishi". Nilikwenda kulia nyuma ya tangi la maji. Niliona nimeadhibiwa bila kosa.

Mezani tulikuwa wawili, mimi wa Sita B na mvulana wa Sita A. Tuligawana: yeye magoli, mimi pasi za senta, zile za kuanzisha mchezo katikati ya uwanja. Asiyecheza netiboli huenda haoni uzito wa hizo pasi. Kwenye soka, ukifungwa unaanza wewe. Netiboli siyo hivyo. Mpira unarudi katikati kila goli linapoingia, lakini wanaoanza wanapokezana, leo ninyi, kesho sisi, hata kama aliyefunga ni yuleyule. Filimbi ya mapumziko ikilia mpira ungali unachezwa, pasi ile imeshatumika. Kipindi cha pili wanaanza wenzenu. Wachezaji wanasahau, na mwamuzi naye anaweza kusahau. Kwa hiyo kuna mtu anayechora mstari, A, B, A, B, na hatakiwi kuinua macho muda mrefu.

Mimi niliyainua. Kipindi cha pili shoga yangu alirusha kutoka ukingoni kabisa mwa nusu duara, mpira ukazunguka pete mara mbili ukatumbukia, nami nikaruka na kalamu yangu mkononi nikipiga kigelegele. Niliporudi kukaa mchezo ulikuwa unaendelea. Nikatazama daftari, nikashindwa kukumbuka kama mstari wa mwisho niliuchora kabla ya goli lile au baada ya senta iliyofuata.

Zikiwa zimebaki dakika mbili, Sita A wanaongoza 9 kwa 8 na ndiyo kwanza tumefunga la nane. Manahodha wote wawili wakaushika mpira. "Senta yetu!" "Yetu sisi!" Mwamuzi, msichana mwenzetu wa darasa la sita, akaja mbio mezani, na mwalimu naye akasogea kutoka kivulini. Mtunza muda akaisimamisha saa ya mwalimu aliyokuwa ameazimwa.

Daftari langu lilikuwa na mistari 17. Wa mwisho ulikuwa wa A. Kwa hesabu hiyo senta ilikuwa yetu, na shoga yangu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, ananitazama.

Nikasema, "Mwalimu, kuna mstari mmoja sina hakika nao."

"Kwa hiyo senta ya nani?"

"Sijui, mwalimu."

Nilitegemea angelichukua daftari aamue mwenyewe. Hakulichukua. "Basi tafuteni," alisema. "Saa imesimama, hakuna anayewakimbiza." Akarudi kivulini.

Uwanja mzima ulikuwa kimya, nami masikio yalikuwa yananiwaka. Mwenzangu wa mezani ndiye aliyeanza. Magoli ni 17, akasema, na kila goli lina senta yake, kwa hiyo senta 17 hazina ubishi. Mtunza muda akadakia: filimbi ya mapumziko ililia mpira ungali unachezwa, haujaingia. Alikuwa ameandika kwa chaki pembeni mwa meza. Basi pasi ile nayo imo, zimeshatoka 18. Inayofuata ni ya 19. Mwamuzi akasema yeye ndiye aliyerusha shilingi mwanzoni, na walioanza ni Sita A. Ya kwanza yao, ya tatu yao, ya tano yao.

Kutamka ilikuwa kazi yangu. "Senta ya Sita A."

Wakaanza, wakafunga. 10 kwa 8.

Mwalimu alikuja baadaye, mtunza vifaa akiwa anakunja herufi na kuzihesabu kwa sauti. Nilikuwa nimeshika kifutio. Akaniambia nisifute chochote. Niuchore mstari uliosahaulika kwa kalamu nyekundu, niandike pembeni "ulirukwa", halafu niweke saini. Sikuwahi kuwa na saini. Niliandika jina langu lote, polepole, kama kwenye karatasi ya mtihani.

Shoga yangu hakuniongelesha siku hiyo, wala Alhamisi, wala Ijumaa. Jioni nilirusha peke yangu. Jumatano iliyofuata vikaratasi vilichanganywa tena, naye akaokota cha mezani. Alikaa na daftari magotini akifungua kurasa za nyuma, kisha akanijia nikiwa nafunga kamba za raba.

"Hebu nionyeshe," alisema, "hii mistari ya senta unaianzia wapi."